Mvua kwenye kioo cha rubani: mwongozo kamili wa kuipata ilivyo kweli ndani ya simyuleta

"Mjomba, gemu yako mbovu. Maji yanapanda juu."

Ilikuwa Januari, nje mvua ya kifuku inamwagika Ligula nzima, na mpwa wangu amekaa pembeni yangu anatafuna korosho huku macho yako kwenye skrini. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ilikuwa imeshika kasi kwenye njia ya kurukia ya kiwanja cha Mtwara. Matone yaliyokuwa yakiteleza chini dakika moja kabla yakasita, yakatetemeka, kisha yakaanza kukwea kioo kuelekea paani. Kwake hilo lilikuwa kosa. Mimi nilikuwa nimehangaika wiki tatu na mipangilio ili nilione.

Wengi wetu tukianza kurusha simyuleta, yaani gemu ya kompyuta inayoiga urushaji wa ndege, tunahukumu mvua kwa sura ya tone: linang'aa vipi, limechorwa vizuri kiasi gani. Ukipiga picha ya skrini na kuwarushia wenzako, tone zuri linapendeza. Lakini tone lisilojua ndege inakwenda kasi gani ni pambo tu. Maji kwenye kioo cha ndege ni kama kipimo cha pili cha kasi: rubani akiyatazama tu anajua kama amesimama, anakimbia, au ameshaacha ardhi. Katika mwongozo huu kila hatua inalenga jambo hilo, na sura ya tone nimeiweka nyuma.

Anza na mvua yenyewe, kompyuta baadaye

Usiguse mpangilio wowote kabla hujaiangalia mvua ya kweli kwenye kioo cha kweli. Mtwara hatuna shida ya hilo: tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, na ukikosa leo utapata kesho.

Panda basi la Dar mwezi wa Februari, ukae dirishani. Likisimama Mnazi Mmoja, pale njia panda ya Lindi, Masasi na Mtwara, tazama kioo badala ya kununua mahindi. Matone yanashuka wima lakini hayanyooki. Kila moja linapinda, linasimama, linasubiri jirani, wakiungana wanakuwa wazito na kuporomoka kwa mkupuo. Tone jipya linapenda kufuata mchirizi wa lililotangulia, maana pale kioo kimeshalowa. Basi likiondoka, michirizi inaanza kulala. Likifika kilomita 80 kwa saa imelala karibu kabisa, na matone yanakimbilia nyuma ya gari.

Sasa sogeza jicho karibu na kioo. Kuna vitone vidogo sana ambavyo haviendi popote, basi likimbie lisikimbie. Hewa inayogusana na kioo huenda polepole mno kuliko hewa iliyo sentimita chache mbali nacho. Kitone kidogo kimejificha ndani ya tabaka hilo la hewa tulivu. Tone kubwa limetoa kichwa nje, upepo unalikamata na kulivuta. Kwa hiyo kwenye simyuleta, ukiona matone yote, makubwa na madogo, yanatembea kwa mwendo mmoja kama askari wa gwaride, ujue hapo kuna uongo.

Jambo la tatu la kuangalia ni picha iliyomo ndani ya tone. Kila tone ni lenzi. Ukilitazama vizuri utaona mbingu iko chini na ardhi iko juu, dunia imepinduliwa. Tone la simyuleta nzuri linapindua mandhari hivyo hivyo. La simyuleta mbaya ni doa jeupe lililobandikwa.

Halafu hesabu ndogo. Tone kubwa la mvua huanguka kwa kasi ya kama mita 9 kwa sekunde. Ndege ikienda noti 120, yaani kama kilomita 222 kwa saa, inasonga mita 62 kila sekunde. Maana yake tone likishuka mita 1, ndege imeshasonga mbele karibu mita 7. Kwa rubani mvua haitoki juu, inamjia usoni, kama unavyopigwa na matone ukiwa nyuma ya bodaboda, ila hapa ni mara nyingi zaidi. Ndiyo sababu maji yanakwea: kioo cha mbele kimelala nyuma, upepo unaokigonga unapanda nacho, na maji hayana ubishi.

Ukibahatika kusafiri kwa ndege, toa simu, iweke katika hali ya ndege, na urekodi kioo cha dirisha lako tangu ndege inapoanza kutambaa hadi inapoingia mawinguni. Video ya dakika tatu ya namna hiyo ina thamani kuliko picha elfu za mtandaoni, kwa sababu inaonyesha mpito. Bombadia ya Air Tanzania ni nzuri kwa kazi hii. Madirisha yake yako chini ya bawa, hivyo mwanga unaokuja ni wa pembeni na michirizi inaonekana vizuri.

Uchague programu ipi

Hapa sikawii. FlightGear ni ya bure kabisa, msimbo wake uko wazi, na kioo chake kinaweza kuonyesha mvua, ukungu na barafu, mradi umewasha mfumo wake wa mwanga unaoitwa ALS na umeruhusu mvua kwenye mipangilio. Kwa kompyuta ya kawaida na bando la kuhesabu, anzia huko.

X-Plane 12, iliyokamilika Desemba 2022, imeijenga mvua ya kioo ndani ya programu yenyewe. Toleo la 11 halikuwa nayo. Watu walitegemea programu-jalizi ya bure iitwayo librain, tena kwa ndege zile tu zilizotengenezwa kuitumia. Hapo ndipo wengi wanapoumia: unachukua ndege ya zamani ya toleo la 11, unaifungua kwenye 12, nje mvua inanyesha na kioo ni kikavu kama Julai. Usilaumu kadi yako ya picha. Mtengenezaji wa ndege hajaieleza programu kioo kiko wapi.

Microsoft Flight Simulator ya Agosti 2020 na ile ya Novemba 2024 zina mvua nzuri ya kioo bila kuongeza kitu. Ila ya 2020 inakula zaidi ya GB 100 za diski, na zote mbili zinavuta mandhari kutoka intaneti wakati unaruka. Mimi niliipakua usiku kwa usiku kwa siku tisa, na usiku wa tano umeme ulikatika. Nunua UPS kwanza.

Weka mvua ya Mtwara, usiweke ya sinema

Kosa la kila mtu: anafungua ukurasa wa hali ya hewa, anavuta mvua mpaka mwisho. Hiyo si mvua ya kujifunzia. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja pwani yetu na barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Kilwa, hakuna aliyekuwa na haja ya kujua tone linakwenda upande gani. Mvua kubwa mno inaficha makosa ya simyuleta, kwa kuwa kioo kizima kinakuwa maji tu. Mvua ya wastani inayafichua.

Ripoti ya hali ya hewa ya kiwanja cha Mtwara hutanguliwa na herufi HTMT. Hii nimeitunga kwa mfano wa siku ya kaskazi:

HTMT 161200Z 04010KT 5000 SHRA FEW018CB BKN020 26/24 Q1009

Ni tarehe 16, saa tisa alasiri yetu. Upepo unatoka nyuzi 40, kaskazini mashariki, noti 10. Unaona mita 5,000. SHRA ni mvua ya vipindi, inakuja na kuondoka. Ingekuwa rasharasha tu ungeona DZ, na alama ya kutoa au kujumlisha mbele ingekuambia ni nyepesi au nzito. Mawingu machache ya radi yapo kwenye futi 1,800, mengine mengi futi 2,000. Joto 26.

Ingiza hivyo hivyo kwa mkono. Ule upepo wa nyuzi 40 usiuache, tutauhitaji. Na joto usilipuuze: katika nchi za joto kama yetu nyuzi sifuri ziko juu, kwenye futi 16,000 hivi. Ukipanda mpaka futi 24,000 na bado michirizi ya maji inatiririka kana kwamba uko juu ya Mikindani, programu au mpangilio wako hausomi joto.

Mipangilio ya picha

Kwenye Microsoft Flight Simulator, nenda ukurasa wa grafiki, tafuta mstari ulioandikwa "Windshield Effects". Una ngazi kadhaa. Weka ya kati, ruka, kisha panda moja moja ukitazama fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi zinachorwa kila sekunde. Nikiwa na kadi ya kawaida sikuona haja ya ngazi ya juu kabisa; nilichopata ni feni kulia.

Kitu kinachoharibu mvua kuliko ngazi ndogo ni ule ukuzaji picha wa kijanja, kama DLSS, unaojenga picha ya sasa kwa kukopa fremu zilizopita. Kwa majengo na milima unafanya vizuri. Kwa kitu kidogo chenye kasi kama tone, unaweza kuacha mkia nyuma yake, tone likaonekana kama limepakwa mafuta. Kabla hujasema mvua ni mbaya, uzime, ujaribu tena. Ukiwa na fremu 30 zisizoyumba bila ukuzaji, kaa nazo. Mvua inahitaji mwendo laini kuliko wingi wa vitu: fremu zikiruka, tone nalo linaruka, na ule mtetemo wake mdogo unaokuambia upepo umeanza kulikamata unapotea.

Punguza badala yake vivuli vya mbali na msongamano wa miti. Kwenye mvua huvioni.

Jaribio la njia ya kurukia

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo itakayokuambia kama unayo mvua au pambo. Tumia Cessna 172, kwa sababu haina waipa wa kukudanganya na kioo chake ni cha plastiki ngumu, akriliki, si kioo halisi. Iweke mwanzo wa njia namba 01 ya HTMT, pua ikitazama kaskazini. Washa kurekodi skrini.

Injini ikiwa imezimwa, kaa dakika mbili bila kufanya kitu. Matone yatue, yakae, yaungane, yaporomoke. Sasa kumbuka ule upepo: unatoka nyuzi 40, pua yako iko nyuzi 10, kwa hiyo unakupiga kutoka mbele kulia. Michirizi ya kioo cha mbele iegemee kidogo kushoto, na dirisha la kulia lilowe zaidi ya la kushoto. Simyuleta nyingi zinashindwa hapa. Zinasoma kasi ya ndege tu, zinausahau upepo wa nje.

Washa injini, ukanyage breki, peleka mizunguko ya injini kwenye 1,800 kwa dakika kama unavyofanya ukaguzi kabla ya kuruka. Ndege haijasogea hata hatua moja, lakini panga boi inasukuma upepo moja kwa moja kwenye kioo. Matone ya mbele yatetemeke na mengine yaanze kusukumwa pembeni, huku madirisha ya nyuma yakibaki yanatiririka chini taratibu. Ukiona tofauti hiyo kati ya mbele na nyuma, mpigie mtengenezaji makofi. Usipoiona, usikate tamaa, ni wachache wanaoifanya.

Achia breki. Kwenye noti 30 mvutano ni sawa kwa sawa: uzito unavuta chini, upepo unasukuma juu, na tone la wastani linasitasita katikati kama mtu aliyesahau alichofuata sokoni. Ikikaribia noti 55, ambapo 172 inainua pua, kusita kumekwisha, yanapanda. Ukiwa hewani na noti 75, kioo cha mbele kina michirizi myembamba inayokwea na kufunguka pembeni kama vidole, na dirisha la ubavuni michirizi imelala kabisa. Mpito kati ya hali hizi uwe wa polepole. Nimeona ndege ambayo matone yanashuka, yanashuka, halafu ikifika kasi fulani yote yanageuka kwa pamoja kama mtu amewasha swichi. Hiyo iondoe kwenye diski.

Toka nje ya mvua, uelekee baharini upande wa Msimbati. Kioo kisikauke papo hapo. Katikati kunasafishwa upesi, lakini kwenye kona na kandokando ya fremu, ambako upepo hauingii vizuri, vitone vinabaki muda. Ndivyo vile vile vya kwenye basi.

Kurekebisha kwa mkono

Kwenye FlightGear fungua kivinjari cha vigezo, uende /environment/aircraft-effects. Humo kuna splash-vector-x, y na z, mshale unaoiambia programu maji yapigwe kuelekea wapi. Cessna 172P ina hati, yaani faili fupi la msimbo, inayosoma kasi ya ndege na kubadilisha mshale huo kila wakati. Baadhi ya ndege nyingine hazina. Namba zimekaa palepale, na ndiyo maana matone yake hayajui kitu. Ukiwa na uvumilivu, fungua hati ya 172P, ujifunze inavyofanya, uiigize kwenye ndege yako. Kasi ya 172 na ya ndege kubwa hazifanani, kwa hiyo usinakili namba bila kuzipima kwa jaribio la hapo juu.

Kwenye X-Plane 12, mafaili ya OBJ ya kioo, yanayoeleza umbo lake, ni maandishi ya kawaida. Kwanza nakili folda nzima ya ndege mahali salama, hili silirudii. Fungua faili la kioo kwa programu ya maandishi ya kawaida na utafute neno RAIN_scale. Namba inayofuata inahusu ukubwa wa matone. Ibadilishe kwa hatua ndogo, tuseme 0.1, hifadhi, pakia ndege upya, tazama. Unatafuta matone yanayolingana na kitu unachokijua ukubwa wake: linganisha na skrubu za fremu ya dirisha. Tone kubwa la mvua halizidi milimita 5 au 6 hewani, likizidi linapasuka. Ukiwa na tone lililotua peke yake likiwa kubwa kama kifungo cha koti, umezidisha.

Waipa

Ndege kubwa nyingi zina waipa, na kwenye X-Plane mahali wanapopita huelezwa kwa picha maalumu, WIPER_texture, ambayo rangi zake zinasema mkono umefika pembe gani. Wakifuta hewa huku maji yakibaki, tatizo liko kwenye picha hiyo.

Mfutiko wa kweli haung'arishi kioo. Unaacha utando mwembamba wa maji, tao lenye mpaka unaoonekana, na pembe ambazo hazikuguswa. Kabla mkono haujarudi, matone mapya yameshatua. Kukiwa na mvua kubwa unaona kwa vipande: mkono ukipita unaona, ukirudi huoni. Pia wana kikomo. Kwenye Airbus A320 hawatumiki juu ya noti 230. Ukiwa na kasi zaidi ya hapo upepo wenyewe unafanya kazi hiyo, na vioo vingine hupakwa dawa ya kufukuza maji ili matone yawe duara na kuondoka haraka.

Sauti na taa

Sauti ya mvua kwenye bati la nyumba, ile ta-ta-ta, inafaa ndege ikiwa imesimama. Kasi ikipanda igeuke kuwa mvumo mmoja, kama mchanga unaomiminwa juu ya turubai. Kwa taa, jaribu saa moja jioni: washa taa za kutua, na mvua mbele yako iwe nyuzi zinazokujia kutoka nukta moja. Kila tone kwenye kioo linyonye mwanga wa taa za kiwanja na kuutawanya.

Tua nayo

Rudi kwa njia 01, ukiwa noti 65, mvua ya SHRA, jua limeshazama. Shuka ukitazama nje tu, bila kuangalia kipimo cha mwinuko, kisha urudie ukikiangalia. Marubani wa kweli hufundishwa kwamba maji kwenye kioo cha mbele hupinda mwanga na kumfanya mtu adhani yuko juu kuliko alivyo, akashuka zaidi ya inavyotakiwa. Mara yangu ya kwanza niligusa nyasi kabla ya lami. Mpwa wangu alicheka mpaka korosho zikamwagika, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza: mvua ilikuwa imenidanganya kama inavyodanganya watu wazima.

Ukiona huoni mbele, geuza jicho pembeni. Dirisha la ubavuni mara nyingi lina maji machache. Na kama unarusha ndege yenye waipa, wazime mara unapoacha njia ya kurukia, kabla kioo hakijakauka.